Bomba, Baruti na Miaka 20

Siku ya mnada Karatu, simama karibu na Fuso linalopakia mahindi. Vibarua wawili wanainama, wanalishika gunia la kilo 100 kwenye pembe zake, mmoja anahesabu, nalo linapaa mpaka kwenye bodi, kama mita 2 kutoka ardhini. Mmoja anajifuta uso kwa mkono wa shati kabla ya kuinamia la pili. Kazi waliyoifanya inapimika. Uzito wa gunia hilo ni karibu nyutoni 980. Zidisha kwa mita 2, unapata jouli 1,960. Tuseme 2,000.

Sasa chukua kichwa cha risasi ya ile bunduki ambayo askari wetu huiita SMG na dunia huiita AK-47. Kina gramu 8 hivi, sawa na punje ishirini na kitu za mahindi yaleyale. Kinapotoka kwenye mtutu kinakwenda mita 715 kwa sekunde. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzani wake, zidisha kwa mwendo wake, kisha zidisha tena kwa mwendo wake. Weka kilo 0.008 na mita 715, utapata jouli 2,000 na kidogo. Kazi yote ya kulipandisha gunia zima kwenye lori imo ndani ya kipande cha madini kisichofika ncha ya kidole chako cha mwisho kwa upana.

Ninaisisitiza hesabu hii kwa sababu bila hiyo sheria yetu ya silaha inaonekana kama fumbo. Mkulima aliyekutwa na gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji anashtakiwa kwa kifungu kilekile kinachomshtaki mwenye SMG. Mgeni aliyekutwa na risasi moja mfukoni, bila bunduki yoyote, naye ana kesi. Nimesikia watu wakiuliza kama hiyo ni haki: bomba ni bomba, na risasi bila bunduki itamdhuru nani? Ni swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye kemia.

Tuanze na chanzo cha nguvu. Wengi hudhani ni chuma, kwa kuwa chuma ndicho kinachoonekana. Lakini chuma cha bunduki hakina nguvu yoyote ya kwake. Nguvu iko kwenye baruti, na baruti yenyewe si tajiri kama tunavyodhani. Gramu moja ya unga wa mahindi ina nishati ya kilojouli 15 hivi. Gramu moja ya baruti ya kisasa haifiki kilojouli 5. Unga unaishinda baruti zaidi ya mara tatu, na bado hakuna jeshi lililowahi kupigana kwa sembe.

Tofauti iko kwenye oksijeni. Kila aliyewahi kuwasha jiko la mkaa anajua: ukipepea, moto unashika, ukifunika, unakufa. Mkaa, kuni na unga vyote vina nishati, ila vinasubiri hewa ivifikie kutoka nje, na hewa huja polepole. Baruti haisubiri. Oksijeni yake imefungwa ndani ya chembe zake zenyewe, mafuta na hewa vikiwa chungu kimoja. Ndiyo maana inawaka hata ikizibwa ndani ya ganda lisilopitisha upepo, na inawaka yote karibu kwa mara moja.

Risasi nzima ni vitu vinne. Kuna ganda, mara nyingi la shaba nyeupe au la chuma. Kuna fataki, kikombe kidogo kitakoni mwa ganda, chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Kuna baruti, kwa SMG kama gramu moja na nusu. Na kuna kichwa, ambacho kiini chake mara nyingi huwa na madini ya risasi. Lugha yetu imekiita kitu kizima kwa jina la madini hayo. Fataki inagongwa, cheche inaingia kwenye baruti, baruti inageuka gesi yenye joto la nyuzi zaidi ya 2,000. Gesi inatafuta nafasi. Kila upande imezuiwa, isipokuwa mbele, ambako kuna kichwa kinachoweza kusogea. Mgandamizo ndani ya mtutu hufika mara 3,500 hivi ya hewa tunayoivuta. Tairi la Land Cruiser linalopeleka watalii kwenye kreta ya Ngorongoro halifiki hata mara nne. Kutoka fataki kugongwa hadi kichwa kuaga mtutu, unapita muda wa sehemu moja au mbili kati ya elfu za sekunde. Kama theluthi ya nishati ya baruti inaondoka na kichwa. Inayobaki ni joto, mwanga na ule mlio.

Je, bunduki imefanya nini katika haya yote? Imekuwa bomba tu: upande mmoja umezibwa, upande mwingine uko wazi. Kitako, triga, shabaha na magazini ni vya kumrahisishia mtumiaji. Kazi ya msingi ni kuizuia gesi isitoke pasipotakiwa.

Waandishi wa sheria wameufuata ukweli huo. Itifaki ya Nairobi, ambayo Tanzania na nchi jirani ziliisaini tarehe 21 Aprili 2004, inaieleza silaha ya moto kuwa ni kifaa chenye mtutu, kinachobebeka, kinachorusha kichwa au goroli kwa nguvu ya mlipuko, au kinachoweza kugeuzwa kirahisi kifanye hivyo. Haikutaja kiwanda wala bei. Kiswahili kilikuwa kimeshasema hivyo kwa maneno matatu: silaha ya moto. Kilichoongezeka ni moto. Upinde wa Mhadzabe wa bonde la Eyasi ni chombo cha ustadi mkubwa, lakini nishati yake yote imetoka kwenye misuli ya anayeuvuta, na mshale wa mkono mara nyingi haubebi hata jouli 100. Mkuki wa mfugaji wa Ngorongoro ni hivyohivyo. (Isieleweke kwamba ni huru kila mahali: ndani ya hifadhi ya taifa kama Ziwa Manyara, Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuingia na silaha bila kibali, mishale na mikuki ikiwemo.) Hata gobore likiwa bovu kiasi gani, nguvu yake haitoki kwa mtu. Inatoka kwenye baruti, nalo ni silaha ya moto.

Sheria inayotumika Tanzania leo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Na. 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na kumiliki risasi bila leseni ni kosa linalojitegemea. Kosa hilo limeorodheshwa pia kwenye sheria ya uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa, Sura ya 200, na hapa ndipo watu wanaposhtuka. Zamani kifungo chini ya sheria hiyo kilikuwa hakizidi miaka 15. Marekebisho ya 2016 yaliweka sakafu na dari: miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Kwa sababu ni kosa la uhujumu, mahakama haiwezi kuisikiliza kesi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na hakimu akishatia hatiani anakuwa na nafasi ndogo sana ya kupima huruma.

Namfikiria mkulima wa Rhotia au Oldeani. Mahindi yamekomaa, usiku tembo wanashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na asubuhi nusu ya shamba imelala. Hasira yake naielewa, na nadhani tunamdai maelezo zaidi ya neno "marufuku". Kwanza, bomba la maji limetengenezwa kustahimili mgandamizo wa maji tu, na mara nyingi lina mshono kwa urefu wake wote. Moto wa baruti hulipelekea mgandamizo wa mamia ya mara ya hewa tunayoivuta. Siku mshono ukiachia, unaachia karibu na jicho na mkono wa aliyelishika. Pili, goroli la gobore ni la mviringo na mwendo wake ni mdogo. Hewa inalipunguza upesi, na kwenye ngozi ya tembo linaishia kujeruhi. Tembo aliyejeruhiwa hakimbii shamba tu. Anaweza kubaki vijijini na maumivu yake, na atakayekutana naye alfajiri anaweza kuwa mtoto anayekwenda shule. Uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu, kelele, tochi kali, na simu kwa askari wa wanyamapori vinachosha, lakini havimpotezei baba miaka 20.

Fizikia hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya masharti ya uwindaji halali. Kwa tembo, nyati na simba, Tanzania inataka bunduki isiyo chini ya kipenyo cha .375 ya inchi, milimita 9.5 hivi. Risasi ya kawaida ya aina hiyo ina kichwa cha gramu 19 na hutoka na jouli kama 5,800, karibu magunia matatu ya Fuso letu. Lengo ni mnyama afe pale alipo. Ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro uwindaji hauruhusiwi kabisa, hata kwa bunduki hiyo.

Kuna kosa moja la kufikiri ambalo limegharimu maisha, nalo ni kudhani kwamba umbali au urefu hupunguza hatari haraka. Risasi ya gramu 8 ikipanda mita 100 kwenda juu, mvutano wa dunia unaiibia jouli 8 tu kati ya zile 2,000. Hewa inaiibia zaidi, ila si ya kutosha. Januari 2016, katika Pori la Akiba Maswa, jirani na Ngorongoro na Serengeti, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akifuatilia majangili wa tembo kwa helikopta. Walimpiga risasi kutoka chini, naye akafariki. Ikiwa risasi inapanda namna hiyo, fikiria inayofyatuliwa hewani kwenye sherehe au kutisha nyani. Inaweza kuanguka zaidi ya kilometa moja mbele, kwenye bati la mtu asiyejua kuna nini.

Mtutu wa kiwandani mara nyingi una michirizi inayozunguka ndani yake kama uzi wa skrubu. Kazi yake ni kukizungusha kichwa ili kisiyumbe hewani. Lakini kila mtutu una makwaruzo yake madogo, nayo yanabaki kwenye kichwa. Pini inayogonga fataki nayo inaacha alama yake kwenye ganda. Ndiyo maana polisi huokota maganda kwa uangalifu kwenye eneo la tukio, na mtaalamu wa silaha huyaweka chini ya hadubini kando ya ganda alilolifyatua mwenyewe kwa bunduki inayoshukiwa. Bomba la maji ni laini ndani. Halina michirizi wala namba ya usajili, na likitumika kuua, kichwa chake hakimtaji mtu.

Leseni kwa hiyo imefungwa kwa mtu mmoja na namba moja. Maombi hupita ngazi za serikali na kamati za usalama kabla ya kufika kwa Msajili wa Silaha, na mwenye leseni akifariki, watoto hawairithi pamoja na shamba. Bunduki inapelekwa polisi. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Jeshi la Polisi limewahi kutangaza vipindi vya namna hiyo hapa kwetu.

Kwa mgeni, uraia haubadilishi kosa. Mwindaji wa kigeni anahitaji kibali cha muda kabla bunduki yake haijaingia nchini, kikitaja silaha na risasi, na kampuni ya uwindaji humsaidia kukipata. Mtalii wa kawaida anayekuja kuona kreta hana sababu ya kuwa na chochote. Akishuka kreta ya Empakai kwa miguu, silaha iko begani mwa askari wa uhifadhi. Anayepatwa na shida mara nyingi ni yule aliyesahau. Kwao aliwinda kwa leseni, risasi moja ikabaki kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na kwenye eksirei ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro shaba na madini mazito yakachora umbo ambalo hakuna afisa asiyelijua. Atasema hana bunduki. Lakini kilicho kwenye begi ndicho chenye nguvu. Bunduki ni bomba.

Hivyohivyo kwa ile risasi iliyoletwa na mzee kutoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ikawekwa kabatini kama kumbukumbu. Penye ukavu, baruti hubaki hai kwa miongo. Usiigonge kujaribu, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa: ganda lisilo na mtutu wa kulizuia hupasuka, na vipande vyake huruka kila upande. Iache ilipo, watoto waondoke chumbani, mwite mtendaji wa kijiji au polisi waje waichukue.