SOMO: AJIRA WAKATI WA KAMPENI — MFANO WA KENYA



Uchaguzi ukikaribia, neno "ajira" huwa tamu midomoni mwa wagombea. Huyu hutaja malaki, yule mamilioni, na sisi twapiga makofi. Somo letu la leo ni namna ya kuzihoji hesabu hizo. Mfano wetu ni majirani zetu wa Kenya, waliopiga kura tarehe 9 Agosti 2022.

Bwana William Ruto alijitangaza kuwa mtetezi wa "mahasla", yaani wanaohangaikia riziki. Alama ya chama chake ilikuwa toroli. Aliahidi mikopo nafuu kwa wadogo. Bwana Raila Odinga aliahidi shilingi 6,000 za Kenya kila mwezi kwa familia maskini. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49, Odinga alipata 48.85.

Mwezi Mei, kabla ya kura, serikali ilitoa takwimu: mwaka 2021 zilipatikana kazi mpya 926,100, bila kuhesabu wakulima wadogo na wafugaji. Hesabu hiyo yafurahisha. Lakini tuiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni kazi za namna gani? Za sekta rasmi zilikuwa 172,300 tu. Zilizobaki, 753,800, zilikuwa za jua kali: mafundi wa vibandani, wachuuzi, mama wauza chakula na wasaidizi wao. Yaani katika kila kazi mpya kumi, nane zilikuwa za jua kali. Kazi hizo ni halali na zina heshima yake, lakini nyingi hazina mkataba, likizo wala pensheni.

Swali la pili: Ni mpya kweli? Mwaka 2020, wakati wa korona, zilipotea kazi zaidi ya 700,000. Basi sehemu kubwa ya hizo "mpya" ilikuwa ni kurudisha zilizopotea. Mtu aliyeangusha debe la maji akalijaza tena hajaongeza maji nyumbani.

Swali la tatu: Haki itamfikiaje mwenye kazi hiyo? Tarehe 1 Mei 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nyongeza ya asilimia 12 katika kima cha chini cha mshahara. Mchuuzi asiye na mwajiri atamdai nani nyongeza hiyo? Na msaidizi wa fundi, asiye na mkataba wala chama, atasimama na nani akinyimwa?

Baada ya uchaguzi, mfuko wa mikopo ya mahasla ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mtu aliweza kukopa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo waweza kumsaidia mtu kununua bidhaa za kuuza. Lakini mkopo hulipwa. Mshahara ni jasho lako mwenyewe. Tusikubali kimoja kihesabiwe badala ya kingine.

Kwa hiyo mgombea akija kiwandani au shambani na ahadi ya ajira, msikilizeni kwa adabu, kisha mumwulize: za mkataba ni ngapi, za vibarua ni ngapi, na chama kitaruhusiwa kuingia?

Mazoezi ya tawi:
1. Hesabuni wenye mkataba na vibarua mahali penu pa kazi. Je, idadi imebadilikaje tangu uchaguzi uliopita?
2. Andikeni maswali mawili ya kumwuliza kila mgombea, na mchague atakayeyasoma mkutanoni.