Kununua Baiskeli Kuukuu

Katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, watu wengi hulima pamba. Msimu wa kuuza ukifunguliwa, fedha huingia mikononi mwa wakulima, na kila mtu hutaka kununua kitu alichokitamani mwaka mzima. Huyu ataka ng'ombe, huyu mabati, na huyu baiskeli. Lakini vitu vipya ni ghali, kwa hiyo wengi hununua vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Kufanya hivyo si aibu, maana kitu kuukuu kilichotunzwa vema huweza kumfaa mtu miaka mingi. Ila siku za fedha ndizo siku za walaghai pia, nao huja mnadani na maneno matamu.

Tuseme kwamba kijana mmoja ameuza pamba yake, naye yumo mnadani akitafuta baiskeli. Mzee asiyemjua amjia akiikokota moja.

"Shikamoo, mzee," asema kijana.

"Marahaba, mwanangu. Itazame baiskeli hii! Nina mgonjwa hospitali, ndiyo sababu naiuza kwa nusu ya bei. Lakini fanya upesi, yuko mwingine anayeitaka."

"Pole kwa mgonjwa, mzee. Naomba niikague kwanza."

Kijana azungusha magurudumu, avuta breki, aushika mnyororo. Kisha aiinua baiskeli aitafute namba iliyogongwa katika chuma cha fremu. Namba haisomeki, imekwanguliwa kwa tupa na kupakwa rangi mpya.

"Stakabadhi yake iko wapi, mzee?"

"Imepotea, mwanangu."

"Basi twende kwa mwenyekiti wa mtaa, tuandikiane mbele yake."

Hapo mzee akumbuka kwamba ana safari. Apanda baiskeli, aenda zake, wala haulizi tena habari za bei.

Je, kijana huyu ameepuka hasara gani? Kama baiskeli ile ni ya wizi, mwenyewe angeweza kuidai siku yo yote. Kijana angeipoteza, na fedha za pamba, jasho la miezi mingi, zisingerudi. Tena sheria ya Tanzania humhesabu kuwa mkosaji mtu apokeaye mali ya wizi hali akijua. Na zaidi ya hayo, mwizi huiba kwa sababu anajua kwamba wako wanunuzi wasiouliza. Asiyeuliza humlisha mwizi.

Mashahidi ni ngao ya mnunuzi na muuzaji, na jambo hili lilijulikana Usukuma tangu zamani. Wakati wa utawala wa Waingereza, wakulima wengi walinung'unika kwamba wanunuzi wa pamba waliwapunja katika mizani. Mkulima mmoja peke yake hakuweza kushindana nao. Basi wakulima wakashirikiana, wakaweka wapimaji wao wenyewe ili wahakikishe uzito. Kutokana na umoja huo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja lenye makao Mwanza, likiongozwa na Paul Bomani. Macho mengi yaliishinda hila.

Siku hizi hila imeingia katika simu pia. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na waliozinunua kwa bei rahisi wakabaki na vitu visivyofaa kitu. Simu, kama baiskeli, ina namba yake: bonyeza *#06# nayo itaonekana. Ilinganishe na namba iliyoandikwa katika boksi lake. Tena ukiisha kuikagua simu usiiache itoke machoni pako, kwa maana wako watu waliofungiwa kipande cha sabuni badala ya simu waliyoichagua.

Muuzaji naye awe na hadhari. Mtu akikuonyesha ujumbe kwamba amekutumia fedha, usimpe kitu mpaka umetazama salio lako mwenyewe. Na wewe uuzapo, taja kasoro za kitu chako kabla hujaulizwa. Mungu huona sokoni kama aonavyo kanisani, na mtu aliyeuza kwa haki huweza kurudi gulioni pasipo kujificha.

Basi kumbukeni: mtu mwaminifu hachukii kuulizwa, bali mlaghai hupenda haraka na mahali pa siri. Haraka haraka haina baraka.

Maswali

1. Kwa nini walaghai huja hasa wakati wa msimu wa pamba?
2. Taja dalili tatu zilizomtia kijana mashaka.
3. Wakulima wa pamba waliishindaje hila ya mizani?
4. Eleza maana ya maneno haya: "Asiyeuliza humlisha mwizi."
5. Andika hati fupi ya kuuziana baiskeli, ukitaja tarehe, bei, namba ya fremu na mashahidi wawili.