Alama ya Faili, na Maelezo Anayoandikiwa Wakala wa Kompyuta

Mwalimu anapotuma faili ya alama za mtihani kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mpokeaji atajuaje kwamba faili iliyomfikia ndiyo ile ile iliyotumwa? Katika makala hii tutaeleza kanuni ya ukaguzi huo, kisha tutazame jambo jipya kidogo: namna ya kuandika maelezo ya chombo cha ukaguzi ikiwa atakayeyasoma ni wakala wa akili mnemba. Wakala ni programu inayopewa kazi kwa lugha ya kawaida, nayo ikachagua yenyewe amri za kuipa kompyuta na kuyasoma majibu yake.

Tuanze na hesabu ndogo. Tuchukue namba 4719. Jumla ya tarakimu zake ni 21. Mwandishi akikosea akaandika 4718, jumla huwa 20, na kosa hudhihirika. Lakini akizipindua tarakimu mbili za mwanzo akaandika 7419, jumla hubaki 21, na kosa hupita bila kuonekana. Dawa yake ni kuzidisha kila tarakimu kwa nafasi yake kabla ya kujumlisha: (4 × 1) + (7 × 2) + (1 × 3) + (9 × 4) = 57. Namba 7419 hutoa 54. ISBN ya tarakimu 10, iliyokuwa ikipigwa chapa kwenye vitabu, ilijengwa juu ya wazo hili hili.

Kompyuta hutumia kanuni nzito zaidi. Kanuni ya SHA-256, iliyofanywa rasmi nchini Marekani mwaka 2002, huchukua faili kubwa au ndogo na kutoa alama ya biti 256, ambayo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja tu ndani ya faili, alama hugeuka kabisa. Kanuni ya MD5 iliyoitangulia, kazi ya Ronald Rivest, ilichapishwa mwaka 1992. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha jumbe mbili tofauti zenye alama moja. Tangu hapo MD5 haifai kumzuia mtu mwenye nia mbaya, ingawa bado hugundua makosa ya bahati mbaya.

Katika mfumo wa Linux kipo chombo kiitwacho sha256sum. Amri «sha256sum -c orodha.txt» husoma orodha ya alama zilizohifadhiwa, hukokotoa upya alama ya kila faili iliyotajwa, kisha huandika «OK» au «FAILED» mbele ya jina lake. Mwishoni hurudisha namba: 0 ikiwa ukaguzi umepita, 1 ikiwa umeshindwa.

Karani anayesoma mwongozo wenye pengo husita, akamuuliza mwenzake. Wakala mara nyingi huliziba pengo kwa kukisia, na makisio yake huwa na sura ya busara. Tuseme ameambiwa: «Hakikisha ukaguzi unapita.» Anapata «FAILED». Njia fupi kuliko zote ni kutengeneza orodha mpya kutokana na faili ile ile iliyoharibika. Ukaguzi wa pili utapita, agizo litakuwa limetimizwa neno kwa neno, na ushahidi wa kosa utakuwa umefutwa. Mwanafunzi aliyepata 71 atabaki na 17 yake.

Kwa hiyo maelezo yaseme wazi: orodha ya alama haibadilishwi, likitokea neno «FAILED», simama, taja jina la faili, mwarifu mtu aliyekupa kazi. Mimi binafsi naongeza tahadhari moja. Orodha iwekwe mahali ambapo wakala hana ruhusa ya kuandika, maana agizo huweza kusahauliwa katikati ya kazi ndefu.

Yaseme pia kile ambacho 0 haithibitishi. Mstari wa orodha ulioandikwa vibaya hurukwa kwa onyo tu, na namba ya mwisho huweza kubaki 0 usipoongeza neno «--strict» katika amri. Faili isiyomo katika orodha haitazamwi kabisa. Hata faili tupu ina alama yake halali, inayoanza na e3b0c442. Orodha ikitengenezwa baada ya faili kumwagika yaliyomo, chombo kitasema «OK» bila wasiwasi. Afadhali wakala aamriwe kutaja idadi ya faili zilizokaguliwa na ukubwa wa kila moja.

Zoezi. Kwa kanuni yetu ya kuzidisha kwa nafasi, namba 6619 nayo hutoa 57. Tafuta nyingine mbili za tarakimu nne. Kisha eleza kwa nini kubadilisha tarakimu moja tu ya 4719 hakuwezi kamwe kuiacha jumla ikiwa 57.