Nimero peke yake haitoshi: jinsi ya kuagiza nywele fupi kwa kinyozi

Mwanaume akiketi kwenye kiti cha kinyozi huko Kataki au Lubuye, mjini Kalemie, mara nyingi husema neno moja tu, "zero" au "nimero moja", kisha anafumba macho. Kinyozi anabaki kukisia. Kwenye nywele fupi sana, milimita mbili tu ndizo zinazotenganisha kichwa kinachong'aa na kichwa chenye weusi laini unaofunika ngozi vizuri. Na milimita hizo mbili zinaamuliwa na mambo matatu: kichana kilichovishwa kwenye mashine, kishikio cha ubavuni kilivyowekwa, na mkono wa kinyozi unavyopita, ukifuata nywele zinavyolala au ukipanda kinyume chake.

Tuanze na vile vichana vya plastiki, kwa sababu ndivyo vinavyowadanganya wengi. Nimero za zamani zilitoka Marekani pamoja na mashine zenyewe, na zimehesabiwa kwa sehemu ya nane ya inchi. Nimero 1 ni sehemu moja ya nane, yaani milimita 3. Nimero 2 ni milimita 6, nimero 3 ni kama 10, nimero 4 ni kama 13, na ukifika nimero 8 umepata inchi nzima, milimita 25. Kipo pia kichana cha nusu, milimita 1.5, na cha moja na nusu, milimita 4.5. Ukizielewa hesabu hizo huna haja ya kukariri chochote, maana kila nimero inaongeza milimita 3 na kidogo.

Tatizo ni kwamba siku hizi kuna mashine nyingi ambazo vichana vyake vimeandikwa kwa milimita moja kwa moja: 3, 6, 9, 12. Bidhaa za madukani Kalemie huja kwa njia nyingi, nyingine zikivuka ziwa kutoka Kigoma, na kwenye meza moja ya kinyozi utakuta vichana vya mifumo yote miwili vimechanganyika kwenye kopo moja. Basi kichana kilichoandikwa 3 chaweza kukuachia milimita 3, au karibu milimita 10. Mtu aliyezoea "tatu" kwa kinyozi wake wa zamani akienda kwa mwingine anaweza kurudi nyumbani na nywele ambazo mkewe hatazitambua. Dawa yake ni rahisi: acha kutaja nimero, taja milimita. Na kama maandishi yamefutika, rula ya mwanafunzi inatosha. Kivishe kichana kwenye mashine, pima kutoka kwenye makali hadi upande wa chini wa meno ya kichana, pale panapogusa ngozi.

Mashine kubwa za saluni zenye makali ya kubadilisha zina nimero zao tena, na hizo hazihusiani na vichana. Makali ya nimero 1 kwenye mashine hizo huacha kama milimita 2.4, na yale yenye sifuri tatu huacha nusu milimita. Ukiona sifuri zinaongezeka, ujue unakaribia ngozi.

Kishikio cha ubavuni ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Kwenye mashine nyingi, kikiwa juu makali yamefungwa na yanakata kwa ufupi kabisa, kati ya nusu milimita na milimita moja. Kikishushwa makali yanafunguka, na bila kichana chochote nywele zinabaki milimita 2 hadi 3. Yaani "zero" yenye kishikio kilichoshushwa inakaribia sana nimero 1! Na ukivisha kichana cha nimero 1 huku kishikio kimeshuka, unaongeza tena milimita moja na zaidi juu ya zile 3. Ndiyo maana wawili wanaoagiza kitu kimoja kwenye saluni moja hutoka tofauti. Kabla mashine haijagusa kichwa, angalia kishikio kimekaa wapi. Kinyozi mzuri hataudhika ukimuuliza.

Kuhusu mkono, nywele hukatwa fupi zaidi mashine inapopanda kinyume cha zinavyolala. Ikifuata zinavyolala, nywele zinainama chini ya makali na kubaki ndefu kidogo. Nywele zetu zilizojisokota zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kwenye milimita 6 na kuendelea zinaanza kujikunja na kukaa chini, na kichana cha mashine hakiwezi kuzisimamisha chenyewe. Zichanue kwanza kwa chanuo, zikiwa kavu. Zilizolowa hushikana mafungu, na matokeo yake ni kichwa chenye madoa. Utosini, pale zinapozunguka, kinyozi lazima apite kutoka pande zote.

Kwa hiyo agizo kamili linasikika hivi: "Juu niachie milimita 6, pembeni na kisogoni milimita 3, kishikio kifungwe, na chini umalizie taratibu bila kichana." Ukitaka kupungua taratibu kutoka juu kwenda chini, ile wanayoiita degrade, kinyozi ataanza na kichana kirefu, ashuke kwa kile kifupi zaidi, kisha aondoe mistari inayobaki kwa kufungua na kufunga kishikio kidogo kidogo. Kama hujui unachotaka, anza na milimita 6 kichwa kizima, jitazame kwenye kioo, ndipo ushuke. Kupunguza ni kazi ya dakika mbili; kurudisha ni kazi ya majuma.

Anayenyoa watoto nyumbani achunguze kila jino la kichana. Jino moja likivunjika, makali yanazama pale na kuchimba mfereji unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Akunje sikio la mtoto kwa vidole kabla ya kupita nyuma yake. Na aijali mashine na umeme wake. Mashine za waya zinazotikiswa na sumaku hutegemea nguvu ya umeme, hivyo umeme wa SNEL ukishuka, au jenereta likiyumba, makali yanapoteza nguvu na kuanza kuzivuta nywele badala ya kuzikata. Simamisha kazi, usilazimishe. Baadhi zina skrubu ubavuni: izungushe mpaka mashine ipige kelele ya kugongana, kisha irudishe polepole mpaka itulie. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 110, ikichomekwa kwenye 220 yetu, itaungua.

Sasa kisogo, ambapo naomba nisikilizwe. Vijana wengi wanataka kisogo kikwanguliwe mpaka ngozi, na baadhi ya vinyozi huyasogeza makali ya juu yalingane kabisa na ya chini ili yakate karibu zaidi. Nywele iliyojisokota, ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, hurudi ndani inapokua. Vinatokea vipele, usaha, na kwa wengine vinundu vigumu ambavyo haviondoki tena na huzidi kukua kila vinapokwaruzwa. Ukiwa na dalili hizo, kisogo chako kisishuke chini ya milimita 3, kisiguswe na wembe, na uende kwa daktari mapema. Makali ya juu yakae nyuma ya yale ya chini kwa karibu milimita moja.

Usafi hauna mjadala. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na tone la damu ambalo jicho halilioni linatosha. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Makali ya mashine yapigwe brashi kwanza hadi nywele zote zitoke, kisha yapakwe alkoholi ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe, ndipo yatiwe tone la mafuta. Kuwasha alkoholi hiyo moto kwa sekunde mbili ni kujionyesha tu. Vichana vioshwe kwa sabuni, kwani mapunye ya watoto husafiri juu yavyo kutoka kichwa hadi kichwa, na mtoto akishayapata anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya. Mafuta ya kupaka peke yake hayayamalizi. Na nje ya usafi, kuna jua: mwenye ualbino anayenyoa fupi asitoke kwenye jua la ziwani bila kofia, hata asubuhi.

Nywele zetu hukua kama robo ya milimita kwa siku. Aliyenyoa bila kichana atafika milimita 3 baada ya siku kumi hivi, na anayependa nimero 1 idumu ikionekana safi arudi kwa kinyozi kila baada ya juma moja au mawili. Ukiwa na harusi Jumamosi, nyoa Alhamisi: ngozi itakuwa imepoa, mistari imelainika, na bado kuna Ijumaa ya kurekebisha.