Pambo la Ukutani la Manyoya ya Kuku

Nyumba nyingi za kijijini zina kuku. Kuku akichinjwa, nyama huliwa na manyoya hutupwa jalalani. Lakini manyoya hayo yanaweza kupamba ukuta wa nyumba yako. Utahitaji uzi, sindano, sabuni na boksi kuukuu. Huenda vyote unavyo tayari.

Chagua manyoya ya mkia na ya mabawa. Ya jogoo ni mazuri zaidi, maana ni marefu na hung'aa. Kama unafuga kanga, una bahati: manyoya yake yana madoadoa, wala hayahitaji rangi. Yang'oe kabla ya kumtia kuku aliyechinjwa katika maji ya moto ya kumnyonyolea. Unaweza pia kuokota yaliyoanguka bandani, kwa sababu kuku hunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya. Usimng'oe kuku aliye hai. Anaumia.

Sasa soma sehemu hii polepole. Usitumie kamwe manyoya ya kuku aliyekufa kwa ugonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Vijidudu vyake hukaa katika kinyesi na kamasi za kuku mgonjwa, na hushika kwenye manyoya yake. Mchana unashona pambo, jioni unawapa kuku wako pumba kwa mikono ile ile. Jirani akikuomba manyoya mawili matatu, umempa na ugonjwa. Mafua ya ndege ni hatari zaidi, kwa kuwa huwapata hata watu. Kuku wakifa wengi kwa ghafula, usiwaguse kwa mikono mitupu. Mpe habari bwana mifugo. Mizoga na manyoya yake huchomwa moto au hufukiwa katika shimo refu.

Manyoya ya ndege wa porini nayo yaache. Katika Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu hata unyoya kuwa nyara. Kukutwa na nyara bila kibali ni kosa.

Manyoya ya kuku mzima pia huwa na uchafu na utitiri. Yaloweke nusu saa katika maji ya moto yenye sabuni. Yasuuze mpaka maji yawe safi, kisha yaanike juani kwenye ungo na kuyafunika kwa kitambaa chepesi, yasipeperuke. Wengi huvunjika moyo hapa, maana unyoya uliolowa hauna sura. Usiutupe. Ukikauka, upitishe katikati ya vidole viwili, kutoka chini kwenda juu. Nyuzi zake zina vikulabu vidogo sana. Vikishikana tena, unyoya hurudia umbo lake.

Ukitaka rangi, chemsha manyoya meupe katika maji ya bizari ya manjano. Lakini rangi hiyo hupauka juani.

Kata boksi kwa umbo la duara, upana sentimita 20. Mzingo wake ni kama sentimita 63. Ukishona unyoya mmoja kila baada ya sentimita 2, mstari wa kwanza utataka manyoya 31. Anza ukingoni na manyoya marefu, ncha zikitazama nje. Funga kila kikonyo kwa mishono miwili. Kisha shona mstari wa pili ndani yake, kwa manyoya mafupi zaidi, yafunike vikonyo vya mstari wa kwanza. Ni kama kuezeka makuti: mwezekaji huanza chini ya paa na kupanda juu. Katikati patabaki wazi. Pafunike kwa kipande cha ukili au cha kitambaa. Tia kitanzi cha uzi nyuma.

Litundike mbali na jiko, mshumaa na kibatari, maana manyoya hushika moto upesi. Ukuta uwe mkavu. Kila baada ya wiki chache litoe nje ulikung'ute vumbi.

Maswali
1. Kwa nini tusitumie manyoya ya kuku aliyekufa kwa mdondo?
2. Katika kijiji chenu, kuku waliokufa kwa ugonjwa hutupwa wapi? Zungumzeni darasani.
3. Boksi lenye mzingo wa sentimita 90 litahitaji manyoya mangapi katika mstari wa kwanza?