Siri ya Mtu na Mashaka ya Moyo

Sheria ikituruhusu kuichungua siri ya mtu, je, ni haki kuichungua? Na moyo ukiwa na mashaka, tufanyeje?

Huko Marekani, katika mji wa Seattle, Roy Olmstead aliuza pombe wakati ilipokatazwa. Watu wa serikali waliunga nyaya katika simu yake, nje ya nyumba, wakamsikiliza miezi mingi. Mwaka 1928 waamuzi watano wa Mahakama Kuu walisema kwamba sheria haikuvunjwa, maana hawakuingia nyumbani mwake. Wanne walikataa, mmoja wao, Louis Brandeis, alishika ya kuwa mtu ana haki ya kuachwa na mambo yake. Mwaka 1967, katika kesi nyingine, Mahakama hiyo iliiacha hukumu ile. Lakini Olmstead alikuwa amekwisha kukitumikia kifungo chake zamani.

Basi twajifunza ya kuwa ruhusa ya sheria si mwisho wa neno. Hata waamuzi hukosa. Tena makosa hayalingani. Ukiinyamazia siri bure, kesho waweza kuisema. Ukiifunua bure, huwezi kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo mwenye mashaka asipime tu lipi aonalo kuwa kweli, ila na hasara itakayotokea akiwa amekosea.

Walakini, kunyamaza kukihatarisha uhai wa mtu, mizani yageuka. Hapo imetupasa kunena, lakini kwa yule tu awezaye kumwokoa.