Kidude Kinachosema Kilipo

Msumeno wa injini ni mali inayobebeka begani, na fundi wa mbao kule Ukata, wilayani Mbinga, anaulaza kila siku chumbani mwake akihofia wezi. Siku hizi ataambiwa: funga kidude hiki ndani yake, ukiibiwa utauona kwenye simu. Kabla hajatoa pesa yake ya kahawa, tukifuatilie kidude chenyewe.

Kinajuaje kilipo? Kilomita 20,200 hivi juu yetu zinazunguka setilaiti za GPS. Kila moja hutangaza kwa mawimbi ya redio: mimi ni fulani, saa yangu sasa inasema hivi. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tangazo hutufikia baada ya takriban sehemu 7 za 100 za sekunde. Kidude hupima uchelewaji huo, kikapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, ila saa ya kidude ni hafifu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Setilaiti ya nne huja kuisahihisha saa hiyo.

Hapa ndipo wauzaji wengi hupita haraka. Setilaiti haina habari kwamba kidude kipo. Kidude kinasikiliza tu, kama redio ya sebuleni. Na sauti kinayoisikiliza ni dhaifu mno: imetoka angani kwa nguvu ya makumi ya wati, kama balbu ya zamani, ikasambaa njia nzima. Bati linatosha kuizuia. Fungua ramani ya simu ukiwa uwanjani, kisha ingia ndani ya nyumba ya bati uone kidoti chako kinavyoanza kutangatanga.

Tuseme kimejua kilipo. Bado hakijamwambia mwenye mali. Kwa kazi hiyo kinahitaji betri, laini ya simu, bando na mnara. Milima ya Umatengo ni mizuri kwa kahawa na migumu kwa mawimbi: kilima kikikaa kati ya bonde na mnara, bondeni kunakuwa kimya. Halafu kuna Ziwa Nyasa. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni mwendo wa saa moja na ushee kwa pikipiki, na msumeno ukishapakiwa kwenye boti ya kwenda Malawi, minara ya Tanzania inabaki nyuma.

Vile vitufe vidogo vya Bluetooth, kama AirTag ya mwaka 2021, havina GPS wala laini. Hunong'ona, na simu ya mpita njia ikisikia ndiyo humpelekea mwenyewe habari. Kariakoo simu hizo zinapita kila dakika. Kwenye njia ya shambani huenda isipite hata moja. Tena, ili watu wasifuatiliwe kwa siri, mfumo humtahadharisha anayetembea na kitufe kisicho chake. Ni ulinzi wa haki kabisa, lakini mwizi mwenye simu inayofaa naye ataonywa.

Je, vinamzuia mwizi asiibe? Kidude hakishiki mkono wa mtu. Kinachomzuia ni hofu yake kabla hajanyoosha mkono. Mwaka 1998 watafiti Ian Ayres na Steven Levitt walichunguza LoJack, redio iliyofichwa ndani ya magari ya Marekani bila alama yoyote ya nje. Wizi wa magari ulishuka sana kila ilikoingia, na hata wasiokuwa nayo walinufaika, maana mwizi hakujua gari lipi linayo. Meksiko ilikuwa tofauti: ilitangazwa wazi aina zipi za Ford zimefungwa LoJack. Wizi wa aina hizo ulipungua karibu nusu, lakini katika majimbo yasiyo na huduma hiyo ukaongezeka. Yaani sehemu ya mzigo ilihamia kwa jirani.

Kwa hiyo fundi wa Ukata akiniuliza, nitamwambia asibandike tangazo kwenye msumeno. Kidude akifiche chini ya plastiki, si nyuma ya chuma, na wenzake wachache wafunge vya kwao bila kutaja ni nani. Na awe na namba ya mtu wa mwaloni Mbamba Bay, atakayezifikia boti kabla yake.